Pakiti moja ya hopi au mbili? Kuchagua IPA ya kupika nyumbani Kampala

Anayetaka kupika IPA (India Pale Ale, bia yenye hopi nyingi) nyumbani kwake Kampala, Jinja au Mbarara hukutana na mapishi ya aina mbili. Moja ni IPA ya pwani ya magharibi ya Marekani: rangi ya dhahabu, angavu, kavu mdomoni, na uchungu unaobaki kooni baada ya kumeza. Nyingine ni ile ya ukungu iliyotokea Vermont, kaskazini-mashariki ya nchi hiyo hiyo: rangi ya juisi ya embe, laini, uchungu kidogo, na harufu ya matunda inayokufikia kabla glasi haijafika mdomoni. Zote mbili zinasimama juu ya hopi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kinachozitofautisha ni wakati wa kuzitia na kiasi cha kutia, na kwa sisi wa huku kiasi ndicho kinachouma.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa mpishi asiye na friji ya kuingiza ndoo nzima, ya magharibi ndiyo ya kuanzia, na huenda ndiyo ya kubaki nayo. Ya ukungu naipenda, ila ni ya mwenye friji, mwenye hela ya pakiti mbili, na mwenye marafiki wa kuimaliza upesi.

Kwa nini tunahesabu kwa pakiti

Hopi hazilimwi Uganda, na kosa si la mkulima. Mmea huu hutoa maua vizuri pale ambapo siku za kiangazi zina mwanga wa saa 15 au zaidi, kisha unataka majira ya baridi ya kulala. Sisi ikweta inatukata pale Kayabwe, barabara ya Masaka; mchana wetu ni wa saa 12 kuanzia Januari hadi Desemba. Hata Afrika Kusini, kwenye mashamba ya karibu na mji wa George, wakulima walilazimika kuwasha taa shambani ili kurefusha siku, mpaka zilipopatikana aina zinazovumilia mwanga mfupi. Kwa hiyo kila hopi itakayoingia sufuriani kwako imesafiri kutoka mbali, ama kwa kifurushi, ama ndani ya sanduku la shangazi anayerudi kutoka London. Kwa mpishi wa nyumbani mara nyingi huja ikiwa vidonge, katika pakiti ya foili ya gramu 100.

Mapishi mengi ya Wamarekani hudai gramu 28 za hopi hii, 42 za ile, na 14 za nyingine ya tatu. Ukiyafuata unabaki na pakiti tatu zilizofunguliwa. Pakiti iliyofunguliwa inataka friza, na friza inataka umeme, na umeme wetu tunaujua. Hewa na joto vikiingia, asidi za uchungu hupungua na mafuta ya harufu huharibika. Hopi ikianza kunuka jibini, itupe tu.

Hivyo mapishi yote mawili hapa chini yamepangwa kwa pakiti nzima: moja kwa ya magharibi, mbili kwa ya ukungu. Ni ya lita 10 zinazoingia ndoo ya kuchachia, kutoka sufuria ya lita 20 juu ya jiko la gesi.

| | Ya magharibi | Ya ukungu |
|---|---|---|
| Kimea cheupe cha shayiri | kilo 2.6 | kilo 2.6 |
| Nyongeza | sukari gramu 200 | oti gramu 400 |
| Joto la kuloweka kimea | 65°C | 68°C |
| Hopi, kuchemka dakika 60 | gramu 15 | hakuna |
| Hopi, dakika 10 za mwisho | gramu 15 | hakuna |
| Hopi, moto umezimwa, dakika 20 | gramu 30 kwa 80°C | gramu 80 kwa 75°C |
| Hopi ndani ya ndoo | gramu 40 | gramu 120 |
| Uchungu (kwa kipimo cha IBU) | karibu 60 | karibu 40 |
| Kileo | kama asilimia 6.5 | kidogo juu ya 6 |
| Chupa za nusu lita | kama 18 | kama 16 |

Tazama mstari wa mwisho. Vidonge hunywa bia: kila gramu 100 huondoka na kati ya nusu lita na lita nzima inayobaki kwenye matope ya chini ya ndoo. Kwa ya ukungu unalipia pakiti mbili halafu unapata chupa chache zaidi.

Hopi gani

Pakiti moja inapobeba kazi yote, ya uchungu na ya harufu, inabidi iwe hopi yenye asidi nyingi za alfa, ndizo zinazoleta uchungu. Hesabu ya jedwali imechukua asilimia 13, ambayo ni ya kawaida kwa hopi aina ya Simcoe. Jaribu kuweka Cascade badala yake. Cascade ndiyo iliyowafundisha Wamarekani harufu ya balungi tangu ilipotolewa mwaka 1972, na naiheshimu, lakini alfa yake huzunguka asilimia 5 na nusu. Kupata uchungu ule ule wa gramu 15 za Simcoe utahitaji gramu 35 za Cascade. Theluthi ya pakiti imekwisha na harufu bado hujaigusa.

Simcoe ina utomvu wa msonobari, udongo kidogo, na pasheni kwa mbali. Citra ni ndimu, embe na pasheni waziwazi. Mosaic iko katikati, ina matunda na majani mabichi pamoja. Kwa ya magharibi ningechukua Simcoe au Chinook, kwa sababu utomvu ule unaendana na mwili mkavu. Kwa ya ukungu, Citra pakiti moja na Mosaic moja. Citra peke yake kwa kiasi kile huchosha ulimi kabla glasi haijaisha. Kuna pia za Afrika Kusini, Southern Passion na African Queen, ambazo zinastahili kujaribiwa ukizipata, mradi usome asilimia ya alfa kwenye pakiti na upige hesabu upya.

Soma na mwaka wa mavuno. Za kaskazini ya dunia huvunwa Agosti na Septemba, za Afrika Kusini Februari na Machi. Muuzaji anayekuuzia pakiti isiyo na mwaka anakuuzia bahati nasibu.

Na kama unachotaka hasa ni pasheni, nenda Nakasero ununue pasheni. Sisemi kwa mzaha. Kikombe cha maji yake kilichopashwa moto na kutiwa ndoo inapokaribia kutulia hufanya kazi nzuri, ingawa wenye msimamo mkali watakuambia hiyo si IPA tena.

Sufuria inayochemka kabla ya wakati

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu na mita 2,000, ni 93 na kidogo. Asidi za alfa hugeuka kuwa uchungu kwa joto, na kila joto linaposhuka kazi hiyo hupungua kasi. Mapishi yaliyoandikwa na mtu wa pwani ya California yakiletwa huku bila kurekebishwa hutoa bia isiyo chungu vya kutosha, na mpishi hulaumu hopi. Gramu 15 za mwanzo kwenye jedwali zimeshazingatia hilo kwa Kampala. Ukiwa Kabale au Kapchorwa ongeza mbili, au chemsha dakika 15 zaidi.

Mpishi wa ya ukungu haguswi sana na jambo hili, maana hopi zake zote zinaingia moto ukiwa umezimwa. Hapo ya ukungu inashinda, nami nakubali.

Hamira: hapa ndipo uamuzi ulipo

Chumba cha kawaida Kampala kina nyuzi 24 hadi 26 mchana. Hamira inapofanya kazi hutoa joto lake yenyewe, na katikati ya ndoo panaweza kuzidi chumba kwa nyuzi tatu au nne. Hamira ya Kimarekani ya US-05, ambayo karibu kila mapishi ya IPA huitaja, hutoa bia safi ikiwa kwenye 18 hadi 20. Kwenye 28 itamaliza kazi, lakini utaonja pombe kali na matunda yaliyooza kidogo, na hopi ulizozilipia zitasimama nyuma ya vurugu hiyo.

Njia ya kuipoza bila friji ipo. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, ivike fulana ya zamani iliyolowa, na asubuhi na jioni badilisha chupa za maji yaliyoganda ndani ya beseni. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda, kwa sababu ladha mbaya nyingi huzaliwa hapo. Baada ya hapo iache ipande.

Njia ya pili ni kuacha kushindana na joto. Kuna hamira ya mashambani kutoka Voss, Norwe, ya ukoo unaoitwa kveik, ambayo inapenda nyuzi 35 hadi 40 na bado hutoa bia nzuri yenye kaharufu ka chungwa. Watu wa huko waliikausha na kuirithisha nyumba kwa nyumba. Sasa inauzwa kwenye pakiti kama nyingine. Faida yake kwetu ni mbili. Kwanza, maji ya bomba ya Kampala yenyewe yana nyuzi 23 au zaidi, kwa hiyo kupoza sufuria hadi 20 kunataka barafu, lakini kupoza hadi 35 ni kazi ya beseni na subira. Pili, hutunzi joto tena: izungushie blanketi na uende kulala. Kwenye joto lake humaliza kwa siku tatu au nne.

Basi ipi? Kwa ya ukungu, Voss bila kusita. Chungwa lake linakaa pamoja na Citra kama lilivyopangwa. Kwa ya magharibi ningechukua US-05 na beseni, kwa sababu bia hii inataka hamira isiyojisemea. Lakini kama unaishi nyumba ya mabati na mchana chumba kinafika 30, usijitese. Voss, na ukubali ka chungwa. Aliye Kabale, ambako usiku unahitaji blanketi mbili, hana tatizo hata kidogo: US-05 ni yake, na mimi namwonea wivu.

Kimea na sukari

Hapa sina mengi. Unaweza kutumia kimea cha nafaka, au unga mkavu wa kimea unaoyeyushwa tu. Kilo 1.5 za unga pamoja na sukari ile ile hukupa nguvu sawa na kilo 2.6 za nafaka. Unga ni ghali zaidi, kazi ni nusu, na ya magharibi inayopikwa kwa unga hutoka nyeusi kidogo na tamu kidogo kuliko ulivyotaka. Mwenye nafaka anahitaji mfuko wa kulowekea. Pazia jepesi la neti kutoka Owino likishonwa mfuko linatosha.

Shayiri inalimwa kwetu, Sebei na Kigezi, lakini sehemu kubwa huenda viwandani, kwa hiyo mpishi wa nyumbani mara nyingi huangukia kimea cha kuagiza. Kimea cha wimbi cha sokoni, kile cha malwa na ajono, kisijaribiwe peke yake kwenye IPA: hakina nguvu ya kutosha ya kugeuza wanga wote kuwa sukari, na kawaida hubeba uchachu ambao hopi haziupendi. Mtama mweupe unaweza kuwa sehemu ya kumi ya nafaka, mradi uupike uji kwanza, maana wanga wake haulainiki kwa joto la kulowekea shayiri.

Sukari ndiyo tunayojivunia. Gramu 200 za Kakira au Kinyara zinafanya ile kazi ambayo Wamarekani hununulia glukosi ya pakiti: hamira huila yote, bia hubaki kavu, na hopi husikika. Kwenye ya ukungu usiiweke. Oti zipo kwa ajili ya ulaini na sukari ingeuharibu.

Maji

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria na ni laini, yenye madini machache. Hiyo ni habari njema kwa pande zote mbili, kwa kuwa kuongeza ni rahisi kuliko kuondoa. Kwa lita 15 za kupikia, gramu 4 za jasi hukupa karibu miligramu 150 za salfeti kwa lita, na uchungu wa ya magharibi unakuwa mkavu na wenye makali, kama wa bia za zamani za Burton, mji wa Uingereza. Kwa ya ukungu, gramu 3 za kloridi ya kalsiamu hulainisha. Nunua jasi ya chakula. Ile ya dari ibaki darini.

Klorini ya bomba lazima itoke, vinginevyo bia itanuka dawa ya hospitali. Acha maji wazi usiku kucha au yachemshe kabla. Maji ya kisima cha pampu yachunguze: mengi yana chuma, na chuma huzeesha bia haraka.

Ndoo, chupa na jua

Sasa tunafika kwenye sababu kubwa inayonifanya niipendelee ya magharibi. Jina la India linatokana na bia ambazo akina Hodgson, wapishi wa bia wa London, na baadaye wale wa Burton, walizipeleka kwa meli kupitia joto la bahari. Zilivumilia kwa uchungu na kileo. IPA ya leo inategemea harufu, na harufu ndiyo inayokufa kwanza. Oksijeni kidogo inayoingia wakati wa kujaza chupa inatosha kuigeuza ya ukungu kuwa ya kahawia, yenye ladha ya boksi la karatasi, ndani ya wiki chache. Na kwa joto la kabati la Kampala wiki hizo huwa chache zaidi. Inyweni kama malwa: ikishakuwa tayari, waite watu. Ya magharibi nayo hupoteza harufu, lakini uchungu wake na ukavu hubaki, na baada ya mwezi bado una bia.

Kuna jambo jingine la kuogopa. Hopi za ndooni zina vimeng'enya vinavyokata sukari ambazo hamira ilikuwa imeshindwa kuzila, kisha hamira huamka na kuanza upya. Kwa gramu 40 ni jambo dogo. Kwa 120, na joto letu, linaweza kuwa kubwa, na ukiwahi kufunga chupa utapata mabomu. Tia hopi hamira ikiwa imekaribia kumaliza, subiri siku tatu au nne, kisha pima kwa haidromita (kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki) siku mbili mfululizo. Kipimo kisipobadilika, funga. Sukari ya chupa ni gramu 6 hadi 6.5 kwa lita. Kwa lita 9 hiyo ni chini kidogo ya gramu 60.

Tumia chupa za kahawia, kama za Nile Special, zilizooshwa hadi ndani. Chupa ya kijani au nyeupe ikikaa juani, hata dakika chache, mwanga huvunja uchungu wa hopi na kutoa harufu ya kicheche. Jua letu halisubiri.

Machicha ya kimea mpe mwenye nguruwe, atakushukuru. Matope ya hopi usiyatupe mahali mbwa anapofika: hopi humpandisha mbwa joto hadi kumuua, na yeye huvutwa na utamu wake.

Kuyaendeleza mapishi

Ukishachagua upande, usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Njia inayofaa bajeti ya pakiti ni kupika maji ya kimea mara moja na kuyagawa kwenye jerikeni mbili zilizosafishwa vizuri, lita tano kila moja na nafasi ya povu juu, kisha kubadilisha kitu kimoja tu. Jerikeni moja US-05, nyingine Voss. Au hamira moja, lakini gramu 20 za Simcoe huku na gramu 20 za Citra kule. Bia inayobaki ni kidogo, lakini jibu unalolipata ni safi.

Wa kuonja wasijue kipi ni kipi. Jaza glasi tatu, mbili za bia moja na ya tatu ya nyingine, umuulize kila mmoja ni ipi iliyo tofauti. Wakishindwa kuitaja mara nyingi kuliko bahati tu ingewapa, mabadiliko yako hayakufika ulimini, na pishi linalofuata utumie ile iliyo nafuu zaidi ya mbili hizo. Wakiitaja, ndipo uwaulize wanapenda ipi, na gramu zote 40 za ndooni ziende upande huo.